Barua kwa Washiriki Tisa

Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi, mratibu wa washiriki wa nje aliingia ukumbi wa maonyesho akakuta mabanda tisa matupu. Wenye mabanda hayo, watengenezaji wa mashine za kufuma kutoka ng'ambo, walikuwa wameandikiwa barua pepe: maonyesho yameahirishwa, msisafiri. Miezi kumi na minne alikuwa amewabembeleza mmoja mmoja.

Saa nne alifika mpelelezi, mama wa makamo aliyeitwa Bi Taratibu. Aliisoma barua mara tatu. Ilitumwa Jumatatu, saa tano na dakika kumi asubuhi, kutoka kompyuta ya karani wa maonyesho.

"Kompyuta ni yangu, mama, lakini barua si yangu," karani alisema, machozi yakimlengalenga. "Saa hiyo nilikuwa getini napokea mahema."

"Nenosiri analijua nani?"

"Nimelibandika kwenye kioo cha kompyuta, nisilisahau."

"Na wenzako wasilisahau pia."

Mlinzi wa geti alithibitisha maneno ya karani.

"Basi ni washindani wetu!" mratibu alidakia.

"Pole pole, dada. Kila barua imetaja namba ya banda. Mshiriki huyu ameandikiwa arobaini na mbili. Ni sawa?"

"Ni sawa. Nilimhamishia huko Jumatatu hiyo hiyo, saa nne."

"Nani mwingine alijua?"

"Mchora ramani ya mabanda tu. Nilimpigia simu. Wengine waliiona ramani mpya jioni."

Walimkuta mchora ramani akipima njia kati ya mabanda. Bi Taratibu alimwonyesha namba ile kwenye barua. Mtu yule aliweka chini utepe wa kupimia.

"Dada yangu anafuma kwa mkono," alisema. "Ana wanawake ishirini na sita wanaomtegemea. Banda lake linatazamana na mashine zile. Kila nikichora, naona namchimbia kaburi."

"Alikutuma?"

"Hajui lolote."

Bi Taratibu aliagiza dada mtu aitwe. Dada huyo alisikiliza yote amesimama.

"Kaka, banda lile niliomba mwenyewe," alisema. "Nilitaka wanunuzi walinganishe kitambaa kwa kitambaa. Siogopi mashine. Mbona hukuniuliza?"

Mchora ramani aliondoka na polisi, kichwa chini.

Mratibu alishinda kwenye simu. Wanne kati ya tisa walikubali kupanda ndege. Alfajiri ya Ijumaa dada mtu aliwapokea mwenyewe uwanja wa ndege, akamwomba radhi kila mmoja kwa niaba ya nduguye.