Ufagio wa Chelewa

Sumeiya, rafiki yangu wa Malindi, si mtu wa kutia chumvi, na ndiyo maana jambo hili linaninyima raha. Alikuwa akienda Maskati kwa dadake aliyekaribia kujifungua. Ndege ya kwanza ilichelewa, ya pili ikamwacha, na begi lake likapotea. Akapewa chumba cha hoteli katika mji asioujua. Magharibi umeme ukazimika, kiza kikajaa chumba kizima.

Akampigia mamake.

"Shikamoo, mama. Bado sijafika."

"Marahaba, mwanangu. Vuta subira."

Nyuma ya sauti ya mama akasikia ufagio wa chelewa ukikwaruza saruji taratibu. Kwao, msafiri akiondoka, chumba chake hakifagiwi mpaka ije habari kwamba amefika. Kufagia kabla ya hapo ni kumfutia njia ya kurudi.

"Mama, mbona mwafagia, nami bado niko njiani?"

"Nani afagie? Chumba chako nimekifunga, ufunguo ninao hapa kiunoni. Huo ufagio nausikia huko kwako, nikashangaa ni watu gani hao wafagiao magharibi."

"Huku pana zulia, mama, toka ukuta hadi ukuta."

Simu ikakatika. Sumeiya akakaa kitandani kizani, akisikiliza. Chelewa zikaendelea kukwaruza saruji, zikapita mbele ya miguu yake, zikaelekea mlangoni.