Aliyetikisa Kopo

Habari hii nilipewa na shoga yangu, mpiga picha za watoto, kwa kunong'ona. Mumewe husimama nyuma yake akitikisa kopo la kokoto, watoto watazame kamera na kucheka. Jioni ile alipiga magoti kati ya maua ya mwituni, akiwapiga picha watoto wa jirani. Kopo likalia mgongoni kwake, chaka chaka.

"Tikisa tena, baba watoto," alisema bila kugeuka.

Likalia karibu na sikio.

Ndipo mumewe akaita kutoka barabarani, kopo mkononi. "Nisamehe, mke wangu, nilipata pancha!"

Watoto walikuwa bado wanacheka, wakitazama juu ya bega la shoga yangu.

Kesho yake asubuhi alirudi pale. Nyuma ya alama za magoti yake, maua yalikuwa yamelazwa na nyayo pekupeku. Za kuja hazikuwepo. Za kuondoka zilifuata zake, kuelekea nyumbani alikomwacha mwanawe mchanga amelala.