Saa Tisa Angani

"Muuaji yumo ndani," sauti ya Mkuu ilisema kwenye simu. "Safu yako. Mmoja wa hao wawili uliokaa nao."

"Yupi?"

"Hatujui. Mhasibu afike hai."

Simu ikakatika. Mlango wa ndege ukafungwa.

Kozi, jasusi aliyezoea kutumwa peke yake, akafunga mkanda. Kilomita elfu saba. Saa tisa angani, ndege ikinyoosha kusini bila tofauti ya saa. Kiti cha mbele alikaa mhasibu, anarudi nyumbani kuwataja mahakamani wauza silaha za magendo. Pembeni mwa Kozi walikaa mzee mwenye magoti mabovu, na mfanyabiashara wa vipuri aliyevaa saa ya Omega.

Kidoleni Kozi alivaa pete ya ndoa. Mume hakuwepo. Ndani ya pete mlikuwa na sindano ya dawa ya usingizi, na baada ya miaka yote kazini hiyo ndiyo ndoa pekee aliyoijua. Alijizoeza kuicheka. Bado iliuma.

Mfanyabiashara alikuwa mcheshi, methali zinamtoka kama maji.

"Mwacha asili ni mtumwa, dada. Mimi mtoto wa nyumbani kabisa."

Mzee naye alilalamika, akasinzia, akalalamika tena. Saa zikayoyoma. Kozi hakuwa na lolote mkononi.

Akajaribu bahati.

"Samahani, kaka. Tumeondoka saa moja asubuhi. Tutatua saa ngapi?"

"Saa nne jioni," mfanyabiashara alijibu, mkono ukiwa ndani ya koti.

Saa nne jioni!

Mwenye lugha huanza kuhesabu saa jua likichomoza. Huyu alihesabu za kwao, akazivika Kiswahili. Waliomfundisha methali walisahau kumfundisha saa.

"Saa kumi, kijana," mzee akamsahihisha, macho yamefumbwa. "Hiyo saa nne watu tutakuwa tumeshalala."

Uso wa mfanyabiashara ukabadilika. Kalamu ikachomoka kotini, ncha yake ikielekea shingo ya mhasibu.

Kozi akamdaka mkono. Sindano ya pete ikazama kwenye mshipa. Omega ikagonga meza ndogo, kichwa kikafuata.

"Kapatwa na nini?" mzee akashtuka.

"Usingizi, baba. Safari ndefu."

Walipotua, polisi walimpitisha mhasibu mlango wa nyuma, mzima. Muuaji alibebwa.

"Kazi safi," Mkuu akasema kwenye simu. "Ila wenzake wako nje. Yeyote utakayemkumbatia leo, kesho watakuwa mlangoni kwake. Rudi na ndege hiyo hiyo."

Kozi akasimama kwenye dirisha la uwanja. Mtaa wa kwao ulionekana pale, ng'ambo ya uzio. Alitamani kumwona mama yake. Akapiga simu.

"Uko wapi, mwanangu? Mbona kimya hivyo?"

"Mbali, mama. Mwendo wa saa tisa kwa ndege."

"Maskini mie! Na huko sasa ni usiku?"

Kozi akatazama mabati ya mtaa yakimeta juani.

"Usiku, mama."

"Basi lala, mwanangu. Usijichoshe."

Akakata simu. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akaenda zake kupanga foleni ya kuondoka.