Lebo ya Kichwa cha Kitanda

Kila siku baada ya masomo, Bronte Maguire alishuka kwenye basi la shule, akanunua mkate wa kupeleka nyumbani, kisha akaingia kwa jirani yao, Bi Noreen Pascoe. Bi Noreen, mjane wa miaka themanini na mmoja, alikuwa akijiandaa kuhama mji wa Wangaratta. Binti yake Janine alikuwa amemtayarishia chumba kule Geelong, na vitu visivyoenea humo vingeuzwa Jumamosi mbele ya banda la gari. Bronte, mwenye miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri, alipewa kazi ya kupangusa vumbi na kuandika bei kwenye vibandiko.

Jumanne walikifikia kichwa cha kitanda. Kilikuwa kimewambwa mahameli ya buluu yenye vifungo vilivyozama ndani, na ukingo wake wa juu ulipambwa kwa maua ya rangi ya dhahabu.

"Marehemu mume wangu Clarrie alikinunua kwenye mnada wa shamba, akina Hallam walipouza kila kitu chao," alisema Bi Noreen. "Alifuata madebe ya maziwa, akarudi na hiki! Nilimgombeza hadi jioni. Nyumba yao ilikuwa na miaka mia na ushee, basi na hiki hakikosi umri huo."

Bronte alitafuta kwenye simu yake. Mara akaona picha ya kichwa cha kitanda cha buluu, chenye vifungo na maua.

"Bi Noreen! Dola elfu mbili na mia nne! Kimetoka Ufaransa, enzi za wafalme!"

Bi Noreen aliketi polepole. "Ah, Clarrie, na mimi nilikununia!" Akafuta macho. "Basi sitamsumbua Janine. Ijumaa nitawapigia watu wa lori la kuhamisha, niwalipe mwenyewe. Unajua, mwanangu, inachosha kuwa mtu wa kusaidiwa kila kitu."

Bronte alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kombe.

Jumatano alikigeuza kile kichwa cha kitanda ili apanguse upande wa nyuma. Kitambaa cheusi kilichoufunika mgongo kilikuwa kimefumuka kwenye kona. Ndani aliona ubao wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, sawa kabisa na meza yake ya kusomea. Chini yake palikuwa na lebo ya karatasi yenye namba ndefu ya kiwanda, vipimo, na maneno, "Safisha kwa kitambaa chenye unyevu."

Masikio yalimchoma. Enzi za wafalme hakukuwa na lebo kama ile.

Sauti ya Bi Noreen ilisikika kutoka jikoni, akizungumza kwenye simu. "Ndiyo, Janine, nalipa mwenyewe! Bronte ndiye aliyegundua. Mtoto ana akili huyu!"

Bronte alitia ukucha chini ya lebo. Akaibandua yote, akaitia mfukoni, akakirudisha kichwa cha kitanda ukutani.

Usiku huo Bronte alikichezea chakula kwa uma. "Mtaalamu wa vitanda hali leo?" baba yake alimtania.

Alhamisi alifika Mzee Kostas Vlahos, fundi aliyewamba viti vya mji ule kwa miaka arobaini. Bi Noreen alikuwa amemsimulia habari za mnada na ile bei, akamwomba aje kukaza kifungo kimoja kilicholegea.

"Noreen, unahama bila kutuachia siri ya keki yako ya limau?" aliuliza mlangoni.

"Kaza kifungo kwanza, mlafi wewe!"

Mzee Kostas hakuanza na yale maua ya dhahabu. Alikigeuza kichwa cha kitanda. "Mbele kila fundi anapamba. Mimi huanzia mgongoni." Akabonyeza sehemu laini ya mbele kwa kidole gumba. "Hii ni sponji. Zamani tulijaza singa za farasi. Na pini hizi zimepigwa na mashine. Mkono wa mtu haupangi sawasawa hivi. Haya maua nayo hayakuchongwa, yamemiminwa kwenye kalibu. Ona, la kushoto na la kulia yana ufa uleule kwenye jani la tatu."

Kisha akapapasa chini. "Na hapa palikuwa na karatasi. Gundi bado inanata. Nani kaibandua?"

Bi Noreen alimtazama fundi, kisha akamtazama Bronte.

"Ni mimi." Bronte aliitoa lebo iliyokunjamana mfukoni. "Niliiona jana. Bi Noreen, usiwapigie watu wa lori, tafadhali."

"Ulitaka kunidanganya, mwanangu?"

"Hapana. Sikutaka uhuzunike." Bronte alimpa ile lebo. "Na pia nilitaka niendelee kuwa yule aliyegundua."

Bi Noreen aliikunjua lebo ile juu ya goti. "Kesho ningeahidi fedha nisizokuwa nazo," alisema taratibu.

Mzee Kostas aliuliza, "Zile dola elfu mbili na ushee, binti, ziliombwa na muuzaji au zililipwa na mnunuzi?"

"Sijui. Zilikuwa zimeandikwa tu."

"Yeyote anaweza kuandika. Tafuta vilivyofanana na hiki, kisha uone vimeuzwa kwa ngapi. Hiki ni cha kiwandani, kina miaka kama thelathini. Walikitengeneza kwa mtindo wa kale. Pengine kiliingia nyumba ya akina Hallam mwaka mmoja kabla ya mnada. Lakini ni kizima na kinapendeza. Dola sitini."

Jioni Bronte aliwaeleza wazazi wake kila kitu. Baba yake hakumkaripia. Aliinuka akaenda kukagua magurudumu ya tela lake, kisha akabisha hodi kwa Bi Noreen. "Ninakwenda Geelong Jumapili, jirani, nitabeba vitu vyako. Wewe leta ile keki tu, tutakula njiani."

Jumamosi wanunuzi walifika saa nzima kabla ya muda uliotangazwa, kama kawaida yao. Muuguzi mmoja kijana alisimama mbele ya kibandiko cha Bronte: "Kichwa cha kitanda cha mtindo wa kale. Cha kiwandani. Sponji na ubao wa maranda. Kizima. Dola 60." Lebo ilikuwa imebandikwa tena mahali pake.

"Haya, muuzaji gani anaiumbua bidhaa yake?" alicheka.

"Siiumbui. Ndivyo kilivyo," alijibu Bronte.

Muuguzi alilipa bila kuomba apunguziwe.

Bi Noreen alimvuta Bronte karibu na kiti chake. "Jumanne ulikosea tu, na mimi nilikosea pamoja nawe. Kosa lako hasa lilikuwa la Jumatano, ulipojua ukaficha. Ukitambua umekosea, mwambie mtu siku hiyohiyo, hata ukimkuta anacheka kwa furaha. Kadiri unavyongoja ndivyo anavyozidi kuumia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bi Noreen."

"Vizuri. Sasa ile saa ya mezani haina bei."

Bronte alichukua kalamu na kibandiko. Kabla ya kuandika chochote, aliigeuza saa ile, akaanza kuichunguza mgongoni.