Mgeni wa Mama na Kisanduku cha Filamu

Boga alikipaka rangi chumba cha nyuma mara mbili, na bado kilinukia udi. Alifungua madirisha, akawasha feni, akamwaga dawa ya sakafu ndoo nzima. Harufu ilitulia kidogo, kisha ikarudi mbichi, kama kwamba kuna mtu ametia kipande kipya motoni.

"Ukuta umenyonya moshi," alisema, akacheka.

Mimi nasema wazi, huyo alistahili kofi papo hapo. Hakuna mtoto wa nyumba ile, wala jirani yeyote pale Mtongwe, asiyejua kile chumba ni cha nani. Ni cha jini la mamake, Bi Mwanarehema, ambalo wenyewe nyumbani huliita Mgeni. Lilimpanda akiwa mwari, likawa linamtupa chini mbele za watu na kumnyima chakula, hadi waganga wakalipigia ngoma na kupatana nalo: lipewe chumba chake, kila Alhamisi lifukiziwe udi na kunyunyiziwa marashi, nalo limwache kiti wake apumue. Kiti ndiye mtu anayekaliwa na jini. Bi Mwanarehema aliishika ahadi ile akiwa na mimba, akiwa na msiba, akiwa hana hata unga wa sima. Watoto wakalala salama, wakasoma, na Boga akawa dereva wa kreni bandarini.

Shukrani yake ndiyo hii. Mama alipokwenda Msambweni kumzika nduguye, akakitwaa chumba akifanye cha sinema. Akatundika televisheni pana kama kitanda, akapanga spika pembe zote, na chetezo cha mama cha kufukizia udi akakitia guniani pamoja na mikebe ya rangi, kikaenda na taka.

Kilichobaki ni kuchagua mtambo wa kuletea filamu kutoka kwenye intaneti. Hapo sasa alikuwa na adabu zote! Alisoma maoni ya watu mpaka macho yakauma: upi una picha kali, upi haugandi mtandao ukilegea, upi unazitii spika zote. Alhamisi mchana vilibaki viwili, kijiti cha kuchomeka nyuma ya televisheni na kisanduku cha kuweka mezani. Akavilaza sakafuni, akashindwa kuamua.

Dadake, Salha, akasimama mlangoni. Ndani hakuingia.

"Kaka, wallahi umeishiwa akili. Hiki chumba kina mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Yeye hulipa stima?"

"Leo ni Alhamisi, Boga. Mama yuko njiani. Mrudishie Mgeni chumba chake."

Hasira zikampanda. Akaugeukia ukuta, akapaza sauti. "Haya, wewe Mgeni! Kama kweli upo, chagua wewe. Utakachochagua nakupa, wallahi."

Salha akaziba mdomo kwa mtandio. Jini huulizwa haja zake, kisha watu wakabishana nalo, wakapunguza hapa na pale mpaka wapatane. Haliambiwi lichague. Hilo pale Mtongwe hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua, na Boga alilijua vilevile, ila kiburi kilikuwa kimemjaa hadi puani.

Taa ya kisanduku ikawaka, na hakikuwa na waya wowote.

"Betri," alinong'ona Boga, ingawa alijua hakina betri. Kwa ubishi tu akakiunganisha. Televisheni ikauliza nani anatazama. Zikatokea nyuso mbili: mmoja ni wake, aliouandikisha sasa hivi, na wa pili duara jeusi tu, chini yake pameandikwa Mgeni. Akalifuta. Likarudi. Kisha spika ya kushoto ikatoa pumzi, pumzi ya mtu aliyepanda ngazi, ikahamia ya nyuma, ikahamia ya kulia, ikizunguka polepole, na harufu ya udi ikaja nzito hadi machozi yakawatoka, na katikati ya pumzi ile ikasikika sauti kavu ikimwita Mwanarehema, Mwanarehema, kila mara karibu zaidi na mlango, mpaka ikawa haitoki tena kwenye spika bali kwenye ukumbi.

Nje tuktuk ilisimama. Bi Mwanarehema akashuka, akakanyaga kizingiti, akaanguka.

Bi Nyevu, mganga wa mtaani, aliitwa mbio. Alipoambiwa yaliyosemwa, alimtazama Boga kwa chuki isiyofichika. "Umeliambia jini lichague? Tena kwa kiapo?" Akamwinamia mgonjwa, aliyelazwa mkekani ukumbini. "Mgeni, taja haja yako."

Mdomo wa Bi Mwanarehema ukafunguka, sauti ikatoka si yake. "Haja sina. Niliambiwa nichague. Nataka kiti mpya." Kidole kikanyooka, kikamwelekea Boga.

Boga akapiga magoti. "Bi Nyevu, litoe! Nakuomba!"

"Kiapo chako mimi sikivunji. Kiti wa zamani peke yake ndiye anayeweza kulikatalia." Akampaka mgonjwa marashi usoni. "Mwanarehema, waniskia?"

Macho ya mama yakarudi, yakamwona mwanawe. Yalijaa hasira.

"Nilikubeba tumboni," alisema kwa taabu. "Na hili nikakubebea. Ukanitupia vyombo vyangu jaani."

"Mama, niwie radhi. Niokoe."

Alimkazia macho hadi Salha akaanza kulia. Kisha mama akasema, si kwa Boga. "Huyu humpati, Mgeni. Kaa kwangu. Usiku na mchana, chumba usikidai."

"Mwanarehema," Bi Nyevu alinong'ona, "hapo mapatano yamekwisha. Hutapumua tena."

"Nimesema."

Kule chumbani taa ya kisanduku ikazimika. Harufu ikakatika. Boga akatambaa hadi kwenye mkeka, akaushika mkono wa mamake ili aubusu.

"Shikamoo, mama."

"Mama yako amelala," ikajibu sauti ile kavu. "Sema na mimi."