Niliwachanja Watoto kwa Kalamu

Nina miaka thelathini na mitatu, mzaliwa wa Nawoitorong, Lodwar. Nilikuwa karani wa takwimu za chanjo. Msinionee huruma... someni kwanza!

Chupa moja ya chanjo ya surua hutosha watoto kumi. Ikishafunguliwa, baada ya saa chache inayobaki humwagwa. Huku kwetu wafugaji huhama, hivyo muuguzi aliweza kufungua chupa akapata watoto watatu tu. Bosi wangu aliniambia nihesabu chupa zilizofunguliwa, kila moja watoto kumi. Nilijua ni uongo. Nikajaza!

Asilimia zikapanda hadi zikapita mia, hivyo hakuna aliyetumwa kuwatafuta watoto waliokosa chanjo. Bosi akapandishwa cheo. Mimi nikaahidiwa ajira ya kudumu, nikafunga mdomo. Tamaa mbele, mauti nyuma... si tulifundishwa hivyo tangu utotoni?

Kisha surua ikaingia Kakuma, alikoolewa mdogo wangu Akai. Siku ya chanjo alikuwa ametembea asubuhi nzima na bintiye Nakiru, akakuta dawa iliyobaki imemwagwa. Aliambiwa arudi mwezi ujao. Nakiru hakuufikia mwezi huo... Hakuwa ametimiza hata mwaka.

Na kwenye jedwali langu, chupa ile ilikuwa imechanja watoto kumi!

Vifo vilipolinganishwa na asilimia zangu, ikaonekana kwamba waliochanjwa ndio wanaokufa. Uvumi ukafika hadi Namoruputh kuwa chanjo haina kazi. Akina mama wakaanza kuwaficha watoto. Bosi naye akaniletea barua nitie sahihi, kwamba dawa zilikuja zikiwa mbovu. Yaani nizike ukweli pamoja na mtoto wa mdogo wangu? Nilimrudishia barua yake bila sahihi, nikapanda gari kwenda Kakuma.

Kwenye baraza la chifu nilisimama mbele ya wenyeji na wakimbizi wa kambi ya hapo. Nikasema dawa ni nzima, mbovu ni hesabu zangu. Watu wakanizomea. Sikukaa chini!

Akai akainuka. "Dada, ni wewe uliandika watoto yote imedungwa?"

Nikasema ni mimi.

Akamshika mkono Ekai, kaka yake Nakiru, ambaye naye hakuwa amechanjwa, akaenda naye moja kwa moja kwa muuguzi. Akina mama wengine wakamfuata.

Nilifukuzwa kazi. Na wanifukuze! Siombi kurudishwa, na bosi simwombi radhi.

Ila ninyi makarani wenzangu, nawasihi: kama ni watatu, andikeni watatu, hata mkitukanwa. Mimi niliogopa kuandika watatu, nikamkosesha Nakiru wangu uhai.

Mpaka leo nikimwambia Akai "ejok", hanijibu. Sitaacha kumsalimia.