Brashi ya Nywele Saba

Sogeeni hapa karibu, na aliye na karanga mdomoni amalize kumeza, maana sitaki kusikia hata taya. Nikisema kimya nataka kimya chenyewe, kile cha mtu anayesikia bomba la jirani likidondoka. Kisa hiki ni cha mpweke, na cha mpweke husimuliwa kwa sauti ya chini.

Palikuwa na fundi saa mmoja, mstaafu, mgane. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na binti yao wa pekee alikuwa nesi katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Nyumbani kwake palikuwa na viti sita. Kilichochakaa ni kimoja.

Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, mikono ya fundi ikakosa cha kushika. Rafiki yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, akamwingiza kwenye vita vya mezani. Mchezo wenyewe ni huu: unanunua askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, nao wanakuja vipande vipande, mkono huku, kichwa kule. Unavikata kwa koleo, unaviunga kwa gundi, unawapaka rangi ya chini, kisha ngozi, nguo, vifungo. Jeshi likikamilika unalipanga mezani, mwenzako analipanga lake, mnarusha dadu, na dadu ndiyo inayosema nani kafa. Mke wa mwalimu alikuwa akipita na beseni la nguo, anacheka: "Wanaume wazima, ndevu nyeupe, mnagombania midoli!" Lakini chai alikuwa akiwaletea.

Fundi alikuwa na utaratibu wake: macho hupakwa mwisho kabisa, baada ya kila kitu kukauka. Alipofika kwenye macho ya askari wake arobaini, brashi nyembamba ikamfumukia kama ufagio wa uani, na dukani zilikuwa zimekwisha. Ijumaa tatu mfululizo akapigana na jeshi lenye nyuso tupu kama maharagwe.

"Jeshi la vipofu hilo, Jenerali," mwalimu akamtania. "Ndiyo maana linajipiga lenyewe."

"Subiri wiki ijayo."

"Wiki ijayo utaniletea viziwi."

Utani huo ukamwingia. Mtu aliyeshika skrubu ndogo kuliko ufuta maisha yake yote hapendi kuambiwa kazi yake ina kasoro. Alikwenda nyumbani, akafungua droo ya kabati la chumbani. Chanuo la marehemu mkewe lilikuwa palepale, na nywele zake zimebaki kwenye meno. Hakuwahi kulisafisha. Alikuwa akiifungua droo, analitazama, anaifunga. Siku hiyo akachomoa nywele saba, akazifunga kwa uzi, akazichomeka kwenye mrija wa kalamu, akazikata ncha. Brashi ikatoka laini ajabu. Hakulifanya kwa ubaya, jamani. Alisema moyoni, angalau tutafanya kazi pamoja.

Kwa siku nne akapaka macho themanini.

Akawaacha askari kando ya dirisha wakauke, nyuso zao zikitazama nje. Akaenda kunawa mikono. Aliporudi, wote arobaini walikuwa wanatazama kiti chake.

"Nimechoka tu," akasema, akawageuza. Akaenda kumwaga maji machafu ya rangi. Aliporudi, walikuwa wanatazama kiti chake.

Kesho yake alasiri mvua ilinyesha, na chumba kilikuwa kimejaa harufu ya gundi na rangi kama kawaida. Chini ya harufu hiyo ikaanza nyingine, nyembamba, tamu, kama imepita mlangoni na kusimama. Yalikuwa mafuta ya nywele aliyokuwa akijipaka marehemu. Kisha mezani dadu ikajiviringisha peke yake, kro, kro, kro, ikatulia. Na jikoni, ambako kwa miaka miwili hakukuwa na mtu ila yeye mwenyewe, sauti ikauliza kwa upole, "Mzee wangu, umekula?"

Mtu mwingine angeruka dirishani. Fundi alikaa kitako akalia, kisha akajibu, "Bado."

Hilo ndilo kosa lake la pili. Alijibu.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na maneno. Sauti ilimuuliza usingizi wake, ilimkumbusha koti, ilicheka kicheko kilekile cha marehemu, kile kilichoanzia puani. Ilitoka jikoni, lakini akienda jikoni ilikuwa imehamia mezani, kati ya askari. Naye akaacha kwenda jikoni. Ijumaa mwalimu akabisha hodi.

"Jenerali! Nimekuja kukupiga!"

Mwalimu akainama mlangoni.

"Nakuona miguu chini ya mlango, bwana. Unaumwa?"

"Nina mgeni," fundi akasema.

"Mgeni gani asiyesalimia watu?"

Fundi hakufungua. Mwalimu akaondoka na boksi lake la askari kwapani, akigeuka nyuma kila hatua tatu, maana alikuwa amesikia mle ndani mwanamke akiguna.

Siku ya kumi na mbili sauti ikaomba kitu. "Mzee wangu, mpake na binti yetu. Tuwe watatu. Hujamkumbuka?"

Alikuwa amemkumbuka sana. Basi akachukua mshika bendera aliyekuwa amebaki boksini, akamkata kofia kwa kisu, akamchonga nywele kwa sindano, akamvalisha gauni jeupe la nesi kwa rangi. Akachovya ile brashi, akaweka tone jeusi kwenye jicho la kulia. Kabla hajaliweka la kushoto, simu ikalia.

"Baba." Alikuwa binti, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Baba, usishtuke. Jicho langu la kulia limezima."

"Limezima vipi, mama?"

"Sijui. Nilikuwa natafuta mshipa wa mgonjwa, nimeshika sindano, upande mmoja ukawa giza. Daktari aliyekuwa kando yangu ameangalia haraka, anasema jicho ni zima kabisa. Baba, nitafanyaje kazi hii na jicho moja?"

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu. Hata sijavua glavu."

Fundi akaitazama brashi, na ncha yake ilikuwa bado imelowa, na harufu ya mafuta ya nywele ikawa nzito chumbani mpaka ikamkaa kooni, na wale askari arobaini ambao asubuhi walikuwa wakitazama kiti sasa walikuwa wanautazama mkono wake, wote, vichwa vimeinama kidogo kama watu wanaosubiri mwenzao amalize kazi, na sauti ikamwambia sikioni, kwa upole uleule wa siku zote, upole ambao sasa aliusikia kuwa hauna pumzi ndani yake, "Bado la kushoto, mzee wangu."

Akatoka peku, akakimbilia kwa mwalimu na kumweleza yote.

Mwalimu hakucheka. Alimvalisha kandambili zake mwenyewe, akampeleka kwa mama mmoja mtu mzima, mkunga wa zamani, ambaye watu walimwita Mama Taratibu kwa sababu hata jini likipiga kelele yeye humaliza kwanza chai yake. Mama Taratibu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Brashi ya nini, baba?"

Fundi akamwambia.

"Aa." Akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Mkeo hajarudi. Mkeo yuko alikopumzika, wala hana habari na hayo. Huyu ni mpita njia. Amekuta nywele za mtu asiyekuwepo zinafungua macho, na mwenye nyumba ana njaa ya kusemeshwa. Akaingia, akavaa sauti aliyoikuta kwenye nywele."

"Mtoe, mama."

"Simtoi mimi. Macho umeyafungua wewe, utayafumba wewe, kwa brashi ileile, kwa rangi ya ngozi. Moja moja. Na hatakuacha ufanye kimya kimya."

Asubuhi wakaenda wote watatu. Mama Taratibu akaketi mlangoni, mwalimu akasimama nyuma ya kiti akimshika rafiki yake mabega. Fundi akachanganya rangi ya ngozi, akaanza. Jicho likifunikwa, askari alibaki kama aliyelala amesimama. Kumi, ishirini, na sauti ikawa inamkumbusha siku ya harusi. Arobaini, na ikamlilia. Sitini, na ikamuuliza nani atamkumbusha koti. Fundi alikuwa akitokwa na machozi yanayochuruzika mpaka kwenye ndevu, lakini mkono wake, mkono wa fundi saa, ulikwenda sawasawa.

Likabaki moja, jicho la kulia la yule nesi mdogo.

Hapo sauti ya marehemu ikanyamaza, na kitu kikasema kwa sauti yake chenyewe, kavu, ya mbali, kama inatoka ndani ya mtungi. "Ukilifumba hilo naondoka. Ila hii sauti nimeivaa, siivui. Nitakwenda nayo. Humu kichwani mwako pia nitaizoa. Fikiri, mzee. Binti anaweza kuishi na jicho moja. Wewe utaishi na nini?"

Mwalimu akasikia mabega ya mwenzake yakilegea.

"Anasema kweli?" fundi akanong'ona.

Mama Taratibu hakumdanganya. "Hilo anasema kweli."

Fundi akachovya brashi. Akasema, "Basi sema mara moja tu. Niite."

Ikamwita, kwa sauti ya mkewe. Alifumba macho akasikiliza mpaka mwisho wa neno. Kisha akayafumbua, akaweka tone la rangi.

Harufu ikakatika kama uzi. Mama Taratibu akaichoma ile brashi pale pale kwenye sahani ya bati.

Simu ikalia kabla moshi haujaisha. "Baba, naona! Naona, baba!" Binti alikuwa analia na kucheka. Fundi alimwacha aseme yote. Halafu akamuuliza, "Mwanangu, mama yako alipokuwa akiniita, sauti yake ilikuwaje?"

"Maneno nayakumbuka, baba," binti akasema. "Sauti..." Akajaribu tena. "Ajabu. Nilikuwa nayo jana."

Fundi aliishi miaka tisa baada ya hapo. Binti akawa anakuja kila likizo, na kiti cha pili kikaanza kuchakaa. Alipofariki, binti alirithi nyumba, koleo na sanduku la vifaa vya saa. Mwalimu alirithi jeshi, askari arobaini waliolala wamesimama, wala hakuthubutu kuwafumbua macho ingawa dukani brashi zilikuwepo. Mke wa mwalimu alirithi viti vinne vizima. Chanuo alilichukua Mama Taratibu, akalizika.

Na sauti ya marehemu, ile aliirithi yule jini mpita njia. Ameivaa mpaka leo, na hakuna ajuaye iko jikoni kwa nani.